Rekodi za Mvua na Joto za Masisi na Walikale: Tatizo la Sufuri na Pengo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la wataalamu wa hali ya hewa, lakini ambalo haliwezi kujibiwa pasipo mwanahistoria. Swali lenyewe ni hili: je, rekodi za mvua na halijoto zilizoandikwa katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini, zinaweza kutuonyesha mwelekeo wa muda mrefu, yaani badiliko linaloendelea upande mmoja kwa miongo kadhaa? Au zinatuonyesha tu kule kupanda na kushuka kwa miaka ambako kumekuwapo tangu kale? Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba rekodi hizo hubeba ndani yake historia ya watu walioziandika, na hasa historia ya siku walizoacha kuziandika. Mtafiti anayechora mstari wa mwelekeo bila kwanza kuitenga historia hiyo anaweza kuona ukame mahali palipokuwa na vita.

Yafaa ieleweke mapema kwamba jambo hili si la darasani tu. Masisi ni nchi ambamo hoja za mvua na njaa zimekwisha kutumiwa kuhamisha watu. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianzisha mpango wa kuhamisha Wanyarwanda, uliojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, MIB, ambao uliendelea hadi 1955 na kuwaleta makumi ya maelfu ya watu, hasa katika eneo la Gishari, juu ya ardhi ya Wahunde. Sababu iliyotangazwa ilikuwa ni msongamano wa watu na njaa nchini Rwanda, na kweli njaa hazikukosekana: ile iitwayo Rwakayihura ya 1928 hadi 1929, kisha Ruzagayura ya 1943 na 1944. Lakini miaka hiyohiyo mashamba ya walowezi wa Kivu, yaliyosimamiwa chini ya Comité National du Kivu iliyoundwa 1928, yalikuwa yakihitaji vibarua. Mbingu zikatajwa kwa sauti kubwa, na mahitaji ya shamba kwa sauti ndogo. Himaya ya Gishari ilifutwa 1957, lakini ugomvi wa ardhi uliotokana na uhamiaji huo haukufutika. Hivyo mtu anaposema leo kwamba mvua ya Masisi imepungua, au kwamba imezidi, anaingia katika mjadala ambao una wenyewe, na hana budi kuwa na ushahidi.

2.0 Nani aliandika, na kwa nini

Sehemu kubwa ya rekodi za zamani za Kongo ilitokana na kilimo. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji, INEAC, iliundwa mwishoni mwa 1933, makao yake yakiwa Yangambi kando ya mto Kongo, na ikawa na kituo chake cha Kivu huko Mulungu, upande wa kusini. Ilihitaji kujua wapi pafaapo kahawa, wapi chai, wapi kwinini, wapi pareto. Na kwa mimea ya aina hiyo nyuzi mbili za joto au mwezi mmoja wa kiangazi huamua kama shamba litaleta faida au hasara. Pamoja na vituo vya taasisi yenyewe, vipimamvua vilikuwa mikononi mwa misheni, mashamba, makampuni na ofisi za utawala. Kipimamvua ni chombo duni kabisa: ni kopo lenye mdomo uliopimwa, na mtu wa kulisoma kila asubuhi. Uduni huo ndio uliokiwezesha kuenea, na ndio uliokifanya kitegemee kabisa uaminifu wa mtu mmoja.

Ijapokuwa majina yanayosomeka juu ya majedwali ni ya Wazungu, aghalabu wasomaji wa kila siku walikuwa makarani na wafanyakazi Waafrika. Hawakuachiwa nafasi ya kutia sahihi. Mwanahistoria wa kazi na elimu katika Kivu angefanya vyema kuzisoma karatasi hizo si kwa ajili ya tarakimu tu, bali pia kwa ajili ya mwandiko.

Takwimu za enzi hiyo zilikusanywa na Franz Bultot katika atlasi yake kubwa ya hali ya hewa ya bonde la Kongo, iliyotolewa kwa sehemu mjini Brussels kati ya 1971 na 1977. Atlasi hiyo hadi leo ndiyo mlango wa kuingilia. Lakini atlasi hutoa wastani, na wastani ni kama supu: huwezi tena kutenganisha kilichotiwa chunguni. Karatasi za siku kwa siku zilibaki katika hifadhi za nyaraka nchini Ubelgiji, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo mradi wa COBECORE, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Ghent, ulianza kuzipiga picha na kuziandika upya katika kompyuta, tena kwa msaada wa watu wa kujitolea waliosoma tarakimu moja moja kwa macho.

Baada ya uhuru wa 1960 mtandao huo ulianza kulegea. Walowezi waliondoka, INEAC ikavunjika na urithi wake kuchukuliwa baadaye na INERA, na huduma ya hali ya hewa ya taifa, ambayo leo huitwa MettelSat, ikalazimika kuhudumia nchi kubwa kwa vituo vilivyozidi kupungua. Kisha ikaja miaka ya 1990. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalizuka katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakasambaa hadi Masisi. 1994 wakimbizi wa Rwanda wakaingia kwa mamia ya maelfu. 1996 na 1998 vita kuu viwili vikafuata. Hata mwaka 2025 mji wa Masisi ulitekwa na M23 mwezi Januari, na Walikale mwezi Machi kabla wapiganaji hao hawajaondoka Aprili. Katika hali kama hiyo hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kutosoma kipimamvua asubuhi.

3.0 Hesabu ya subira

Kabla ya kuyarudia mapengo hayo, hebu tutazame tatizo jingine ambalo lingekuwapo hata kama amani isingevunjika kamwe. Mvua hubadilika sana mwaka hadi mwaka, na joto la nchi za ikweta hubadilika kidogo. Tofauti hiyo ndogo kimaelezo ina matokeo makubwa.

Tuchukue kituo cha kubuni katika nyanda za juu chenye wastani wa milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, ambapo kila mwaka hupishana na wastani huo kwa milimita 200 hivi, juu au chini. Kwa kanuni ya kawaida ya mstari wa mwelekeo, mtu akiwa na miaka 30 kamili, kosa la makadirio yake ni karibu milimita 42 kwa kila muongo. Ili mwelekeo uaminike hapana budi uzidi maradufu ya kosa hilo, yaani milimita 84 kwa muongo. Maana yake ni kwamba mvua ingeweza kupungua kwa milimita 200 katika miaka 30, hasara ambayo mkulima yeyote angeisikia, na bado takwimu zikasema haikuthibitika. Miaka ikifika 60, kosa hushuka hadi milimita 15 kwa muongo. Subira huvuta heri hapa kwa maana halisi ya hesabu.

Sasa tuchukue halijoto. Ikiwa wastani wa mwaka hupishana kwa nyuzi 0.3 tu za Selsiasi, kosa la miaka 30 ni karibu nyuzi 0.06 kwa muongo. Kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, bara la Afrika lilipata joto kwa kiasi cha nyuzi 0.2 kwa muongo kati ya 1961 na 1990, na nyuzi 0.3 kwa muongo kati ya 1991 na 2021. Kasi hiyo ni mara kadhaa ya kosa. Kwa hiyo joto husema mapema na mvua hukaa kimya. Na ukimya wa mvua usidhaniwe kuwa ni ushahidi kwamba hakuna kilichobadilika.

Watafiti wengi hutumia kipimo cha Mann na Kendall, kilichoasisiwa na maandishi ya 1945 na 1948, pamoja na makadirio ya mteremko ya Sen ya 1968. Wazo lake ni rahisi na la busara. Kila mwaka hulinganishwa na kila mwaka uliofuata, na huhesabiwa ni mara ngapi wa baadaye umeuzidi wa awali. Miaka 30 hutoa jozi 435. Sifa yake ni kwamba mwaka mmoja wa ajabu hauwezi kuuvuruga. Mwaka wa namna hiyo ulikuwa 1961, ambapo mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwake, zile ambazo Wakenya huzikumbuka kwa jina la mvua za uhuru, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Mtu anayeanzisha mfululizo wake 1961 huona nchi ikikauka. Anayeukomesha 1964 huiona ikifurika. Wote wawili wamepima sawasawa. Kwa bahati mbaya, kipimo cha Mann na Kendall hakijui kama kituo kilihamishwa, wala kama msomaji alikimbia.

4.0 Sufuri si pengo

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Katika karatasi ya mvua, sufuri ni habari: msomaji alikwenda, akatazama, akakuta kopo kavu. Pengo ni kukosekana kwa habari. Machoni pa mtu tofauti hiyo iko wazi, lakini nafasi tupu ikishaingizwa katika jedwali la kompyuta na mtu asiyekuwa mwangalifu, ni rahisi mno igeuke sufuri, na sufuri ikishajumlishwa hakuna tena anayeiona.

Fikiri yanayofuata. Miezi ambayo msomaji hakuwapo si miezi ya nasibu. Ni miezi ya mashambulizi, ya kukimbilia msituni, ya kuchomwa kwa vijiji. Pengo likigeuzwa kuwa sufuri, jumla ya mvua ya mwaka ule itaanguka, na mchoro utaonyesha bonde refu katika miaka ileile ya vita. Atakayeuweka mchoro huo sambamba na orodha ya mapigano atagundua uhusiano wa kupendeza mno: kila ukame ulipokuja, watu walipigana. Ataandika kwamba tabianchi ilisababisha vita vya Masisi. Uhusiano huo utakuwa wa kweli kihesabu na wa uongo kabisa kihistoria, kwa kuwa vita ndivyo vilivyouumba ukame, tena karatasini tu. Na watakaonufaika na maelezo hayo ni wale ambao maamuzi yao juu ya ardhi, ranchi na madini yangestahili kuchunguzwa.

Kuna hila nyingine ndogo zaidi. Halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila mtu anapopanda mita 100. Masisi ni nchi ya milima, sehemu zake nyingi zikizidi mita 1,500. Ofisi ikihamishwa kutoka bondeni hadi kwenye kilima kilicho mita 100 juu, kipimajoto chake kitafuta kwa siku moja ongezeko la joto la miaka 30 kwa kasi ya nyuzi 0.2 kwa muongo. Mkaratusi uliopandwa karibu na kipimamvua ukikua, utazuia sehemu ya mvua, na mvua itaonekana kupungua polepole kwa mstari ulionyooka kuliko wowote ambao hali ya hewa ingeweza kuuchora. Kwa hiyo mtafiti hana budi kwanza kuandika wasifu wa kituo: kilikuwa wapi, kilihama lini, chombo kilibadilishwa lini, nani alisoma. Ukimwuliza mwanahesabu, atakuambia kwamba huo ni utangulizi tu wa kazi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayotuhusu sisi wa taaluma za jamii na lugha.

Masisi na Walikale zinatoa nafasi adimu ya ulinganisho. Misitu ya Masisi imekatwa kwa sehemu kubwa ili kupisha mashamba na malisho, hasa kadiri ranchi zilivyoenea baada ya sera ya 1973 ya kutaifisha mali za wageni, wakati Walikale, inayoshuka magharibi hadi bonde la mto Lowa, bado ina msitu mkubwa. Msitu hupoza hewa ya mchana kwa kutoa mvuke. Ukiondolewa, joto la mchana hupanda hata kama dunia nzima ingetulia. Basi joto likipanda Masisi peke yake, tuulize habari za shoka. Likipanda pote pawili kwa kasi inayokaribiana, sababu ni pana kuliko wilaya zote mbili. Ulinganisho huo unahitaji kituo katika kila upande, kikisomwa kwa namna moja, kwa miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba setilaiti zimetuondolea taabu hiyo. Mfululizo wa CHIRPS, kwa mfano, hutoa makadirio ya mvua tangu 1981 kwa vipande vya ardhi vyenye upana wa kilomita tano hivi. Lakini setilaiti haioni mvua ikianguka. Hukadiria kutokana na ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha makadirio hayo husahihishwa kwa vipimamvua vya ardhini. Palipo na vipimamvua vichache, masahihisho nayo ni haba, na mvua za milimani, ambazo zaweza kunyesha kutoka katika mawingu yasiyo marefu, hupungukiwa zaidi. Setilaiti haikuziba pengo la Masisi, imelirithi.

5.0 Mashahidi wa jirani

Je, tuache? La. Maziwa nayo huandika. Mwaka 1935 na 1936 msafara wa Mbelgiji Hubert Damas ulichunguza maziwa ya Kivu, Edward na Ndalaga. Na Ndalaga ni mojawapo ya maziwa ya Mokoto, ndani ya Masisi yenyewe. Vipimo vya msafara mmoja si mfululizo, lakini ni msingi wa kulinganishia, na kurudi Ndalaga kwa kipimajoto na kamba ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. Katika Ziwa Tanganyika vipimo vya joto vya Stappers vya 1912 na 1913 vilipolinganishwa na vya karne iliyofuata vilionyesha wazi kwamba maji yamepata joto, na utafiti wa matope ya chini ya ziwa uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba joto la juu ya ziwa limefikia kiwango kisichoonekana kwa miaka 1,500. Ziwa Kivu nalo lilipata joto kwa nyuzi 0.12 hivi kwa muongo tangu miaka ya 1980. Ziwa halihamishwi kilimani, wala halioti mikaratusi. Hivyo juu ya joto tunaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba mwelekeo upo.

Mvua ni habari nyingine. Huko Lopé, Gabon, ambako watafiti wameweka rekodi ya ardhini tangu 1984, joto limepanda kwa nyuzi 0.25 kwa muongo na mvua imepungua kwa milimita 75 kwa muongo. Lakini Lopé iko karibu na Atlantiki, na haifai kuazimwa kama ushahidi wa Walikale. Upande wa mashariki, mvua za Machi hadi Mei za Afrika Mashariki zilipungua tangu miaka ya 1980 huku mifano ya kompyuta ikitabiri kuongezeka, kisha 2018 na 2020 zikaja nyingi kupita kiasi. Kivu iko kati ya nchi hizo mbili, na haijifungi kwa yoyote. Kujaza pengo lake kwa wastani wa majirani ni kuiandikia historia isiyokuwa yake.

6.0 Lugha ya kuulizia

Wako wanaoelekea kwenye kumbukumbu za wazee, na wana haki. Ila hapa mwanaisimu ana onyo la kutoa. Maneno masika na vuli yamezaliwa pwani. Yamefungamana na pepo za kusi na kaskazi. Masisi ina vipindi viwili vya mvua, na kiangazi chake kirefu ni cha kati ya Juni na Agosti. Walikale karibu haina mwezi mkavu kamili. Dodoso lililoandikwa Dar es Salaam au Nairobi likimwuliza mzee wa Kihunde au wa Kinyanga kama masika yamechelewa, atajibu kwa adabu, na jibu lake halitakuwa na maana. Yafaa kuuliza kwa kalenda ya kazi: ni lini maharage hupandwa, ni lini mto huvukwa kwa miguu, ni mwaka gani hayo hayakuwezekana. Miaka ya njaa yenye majina, kama Ruzagayura, ni misumari mizuri ya kutundikia kumbukumbu, mradi tukumbuke kwamba njaa ya 1943 ilikuwa pia njaa ya kazi za lazima za wakati wa vita, si ya mvua peke yake.

Pia tusitumie fasihi simulizi kama kipimajoto. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliorekodiwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956 kutoka kwa mtambaji Candi Rureke na kuchapishwa 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, unampeleka shujaa wake angani na Nkuba, mwenye radi, akutane na Mvua, Mwezi na Jua na kuteswa na baridi yao. Utendi huo hautuambii mvua ya Walikale ilikuwa milimita ngapi. Unachoonyesha ni kwamba Wanyanga waliihesabu hali ya hewa kuwa ni mamlaka yenye sheria, ambayo hata mtemi hukaripiwa nayo, na unatupa msamiati ambao dodoso la wilaya hiyo halina budi kuujua.

Kuna jambo la mwisho kuhusu karatasi za siku kwa siku. Mnamo Mei 2023 mvua ilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyovikumba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, jirani ya Masisi kwa kusini, na watu zaidi ya 400 wakafa. Maafa ya namna hiyo hayaonekani katika jumla ya mwaka, wala katika wastani wa miaka 30 wa 1991 hadi 2020. Yanategemea mvua iliyonyesha kwa saa chache juu ya mteremko uliokatwa miti. Kama mvua za aina hiyo zimeongezeka tangu siku za INEAC, jibu limo katika zile karatasi zinazopigwa picha Ubelgiji, siku moja baada ya nyingine, pamoja na maneno machache ambayo karani huenda aliyaandika pembeni: daraja limechukuliwa, barabara imefungwa, msomaji mgonjwa. Wanafunzi wa Goma, Bukavu na Kisangani wanaosoma Kifaransa na Kiswahili, na wanaojua vijiji hivyo kwa majina yake ya zamani na ya sasa, wana uwezo wa kuyasoma maneno hayo kuliko mtu wa kujitolea aliyeko Ulaya, ambaye ameombwa asome tarakimu tu.